Viazi vya Watiri na Maranda ya Kihara

Watiri alikuwa na mdomo mbaya. Nilikaa kando yake miaka sita nikiuza chai, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema, na wangu pia si mzuri. Hatukupendana. Asubuhi tulisalimiana kwa sababu watu wanaangalia, kisha kila mmoja akageukia moto wake. Lakini siku hizi nikisikia watu wa steji ya matatu ya Nyeri wakidai kwamba Watiri alihama kwa hiari yake, ati alitafuta mahali penye biashara zaidi, nachoka kabisa. Hakuhama. Tulimfukuza. Nilikuwa pale, na nitasema ilivyokuwa.

Alizaliwa Kangema, kwenye mashamba ya chai, akaolewa Tetu na fundi wa mabomba aliyeitwa Ngatia. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Mwaka wa kumi mama yake Ngatia alikusanya nguo za Watiri akazitia kwenye gunia, akaliweka gunia nje ya lango na kumwambia, "Njia ya Kangema haijafungwa." Watiri hakulia. Alirudi jikoni kwanza, akatoa sufuria mbili alizonunua mwenyewe, na mwiko, ndipo akabeba gunia. Mwiko huo Tetu nzima iliucheka. Mimi ni wa Tetu, niliucheka pia.

Kangema hakwenda. Aliteremka mjini akapata kazi ya kufagia kiwanda kimoja cha mbao. Kwa sababu hakuwa na mtoto, hakuna aliyemwita Mama Fulani kama sisi wengine. Alikuwa Watiri tu, kama msichana wa shule, na umri wake wa miaka arobaini. Nadhani jambo hilo lilimkata kuliko gunia.

Kiwandani ndiko alikojifunza jiko la maranda. Maranda ni ule unga wa mbao unaodondoka chini ya msumeno. Unachukua debe la rangi lililoisha, unatoboa tundu ubavuni karibu na chini. Unasimamisha chupa ya soda katikati ya debe, unapitisha kijiti tunduni mpaka kiiguse chupa, halafu unashindilia maranda pande zote kwa ngumi mpaka yawe magumu kama ukuta wa udongo. Ukichomoa chupa na kijiti taratibu, njia ya hewa inabaki. Unawasha kwa chini. Debe hilo litafukuta bila mwali tangu alfajiri mpaka saa sita na wewe hujaongeza kitu. Wapasuaji mbao walikuwa wakichemshia githeri yao ya mahindi na maharagwe hapo, na moshi mzuri unaenda mbinguni bure. Watiri akauangalia ule moshi miaka mitatu na ufagio mkononi.

Halafu siku moja mwaka wa tisini na mbili akatokea kwenye mstari wetu wa wachuuzi, karibu na steji, na pipa. Lilikuwa pipa la mafuta ya kupikia, limekatwa chini na juu, limesimama juu ya mawe. Chini yake debe la maranda, ndani ya pipa nyavu mbili za chuma, moja juu ya nyingine, na juu kabisa gunia la katani lililoloweshwa maji, ndilo kifuniko. Kwenye nyavu alipanga viazi vitamu, ngwaci tunavyoviita, vya ganda jekundu na nyama nyeupe. Alivinunua Mukurwe-ini na kuvianika siku tatu kwanza. Kiazi kilichochimbwa jana ukikitia moshini, alisema, unapata sabuni.

Tulimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili tulionja. Kiazi kilitoka kimenywea, ganda limekunjana kama mkono wa bibi kizee, na kwenye mikunjo utamu umetoka ukaganda mweusi. Ukikipasua, ndani ni kikavu, kinavunjika kama unga, na moshi umefika mpaka katikati. Sijawahi kula kitu kama hicho na nilikuwa na hasira nikila.

Makarani wa ofisini wakaanza kuja, walimu, makanga wa matatu, hata manesi. Watiri aliwauzia kama mtu anayewafukuza. Karani mmoja alibonyezabonyeza kiazi akitafuta kilicho laini.

"Hiyo ngwaci si titi ya mamako," Watiri akamwambia. "Chukua ama uwache."

Mwingine akalalamika, "Leo ni ndogo."

"Na wewe siku ya kuzaliwa ulikuwa kubwa?"

Walicheka, wakanunua, na wakiwa na viazi mkononi walinigeukia mimi kutaka chai. Niseme ukweli: nusu ya chai yangu iliuzwa na viazi vya Watiri. Sikumshukuru hata siku moja, naye hakungoja.

Jambo moja alikuwa mkali nalo kuliko yote, nalo ni mti. Hakutaka maranda ya saipras wala ya paini; yana utomvu, kiazi kinanuka rangi ya ukuta. Alitaka mukima, ule mti tunaopanda katikati ya kahawa, basi. Kiwandani walimjua, wakamtengea. Hivyo ndivyo alivyoishi. Hakuwa na shamba, hakuwa na mume, wala mtu wa kumtumia kitu. Alikuwa na hatua mbili za ardhi kando ya steji mahali pipa lilipokaa, na watu waliozoea kumkuta hapo. Ukimwondoa hapo, umemwondoa duniani. Sote tulilijua hilo.

Kisha ikaja mvua ya mwaka wa tisini na saba, ile ya Elnino. Ilianza Oktoba na haikujua kukoma. Malori ya magogo hayakuweza kushuka kutoka msituni, msumeno wa kiwanda ukanyamaza, na rundo la maranda lililokuwa nje likageuka uji. Watiri alijaribu makaa. Viazi vikaungua nje na ndani vibichi. Alijaribu kukausha yale maranda juu ya bati, yakaota ukungu. Juma zima pipa lilikaa baridi, naye ameketi kando yake na mdomo umefungwa, jambo ambalo lilitutia hofu kidogo.

Jumatatu iliyofuata moshi ukarudi. Viazi vikawa vitamu zaidi kuliko zamani. Hakuna aliyeuliza.

Mimi nilijua. Asubuhi moja ya Novemba nilikuwa nimempeleka binti yangu Shiku hospitalini kwa kifua, na nikitoka nilimwona Watiri anatoka kwa Kihara na gunia mgongoni. Kihara ni fundi wa majeneza. Karakana yake iko chini ya ukuta wa mochari, ina bati zuri, na hata katika mvua ile haikukosa kazi. Siku za mafuriko na homa watu hawakuacha kufa. Mbao zake anatoa kwa wakulima, na wakulima wanakata nini? Mukima.

Watiri aliniona. Akasimama katikati ya matope.

"Umeona nini, Mama Shiku?"

"Nimeona gunia."

"Basi beba macho yako uende nayo."

Nikaenda. Na kesho yake, saa nne, nilikula kiazi chake kama kawaida, nikijua. Nilijiambia ni mbao tu, na ilikuwa mbao tu. Lakini kwetu mtu akitoka kuzika hanawi mikono kwa mchezo. Anawekewa maji langoni, hashiki chakula wala mtoto kabla ya kunawa. Wazee wetu hata maiti hawakuigusa. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba moshi alioumeza umetoka chini ya randa ya Kihara. Kwa hiyo nilifunga mdomo. Sikumfungia Watiri. Nilijifungia mimi, maana nilikuwa nimeshakula.

Januari ikamnasa. Gunia lake la kifuniko lilikuwa limeoza kwa ile mvua, na asubuhi hiyo akafunika pipa kwa gunia lililobeba maranda. Alilikung'uta, akalilowesha, lakini hakuligeuza ndani nje kuona kilichonata. Haraka tu. Mtu aliyechekecha maranda yake kila siku kama unga wa arusi akakosea kwa gunia.

Mukami ndiye aliyelipata kosa hilo. Mukami alikuwa mwenyekiti wa mstari wetu, muuza ndizi, mwimbaji wa kwanza kanisani na wa kwanza kugombana nje ya kanisa. Alichukua kiazi, akakigeuza apate mahali pa kuuma, na kwenye ule utamu ulioganda pakawa pamenata kipande cha lesi ya zambarau, urefu wa kidole, na msumari mdogo wa kichwa cha shaba bado umo.

"Hii ni nini?"

"Ni kitambaa," Watiri akasema. "Toa, ule."

"Kitambaa ya wapi?"

 Mukami akakiinua kile kipande kuelekea jua.

"Mimi nimezika baba yangu mwezi wa kumi na moja na hii lesi. Niliichagua na hii mkono yangu, kwa Kihara. Watiri, maranda yako inatoka wapi?"

Angesema chochote. Angesema upepo umekileta. Mstari wote ulikuwa ukingoja aseme hivyo.

"Kwa Kihara," akasema.

"Ngai!"

Mukami akatema. Kisha akachukua kikombe cha chai mezani kwangu bila kuniomba, akasukutua mdomo, akatema tena miguuni pa pipa. Mwalimu mmoja aliyekuwa akitafuna akasimamisha taya, akakitua kiazi chake taratibu juu ya ukingo wa barabara kama kitu kilicholala.

"Umetulisha moshi ya maiti!"

"Maiti iko mochari. Kwa Kihara ni mbao."

"Mbao ya jeneza!"

"Ile ya jeneza imeenda chini na babako. Mimi nachukua ile imebaki."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa neno baya kuliko yote ambayo angeweza kuchagua. Mukami alimrukia. Tuliwashika, mimi mmoja wao, na Watiri alinikwaruza shingo wala hakuniomba radhi.

Alhamisi saa nane tukakaa. Wanawake sita wa mstari, kwenye benchi nyuma ya steji, na Watiri amesimama kwa sababu hakuna aliyesogea. Siku tatu tangu lesi ionekane hakuwa ameuza kiazi hata kimoja. Wala mimi chai. Makarani walipita upande wa pili wa barabara wakisema mstari mzima unanuka kaburi.

Bibi Ngendo, muuza nduma, yaani magimbi, ndiye mkubwa wetu, na ndiye pekee aliyekuwa na huruma siku hiyo. Akasema, "Watiri, mwanangu, sikiliza. Sema ilikuwa hiyo siku moja. Sema Kihara amekupatia gunia mbaya na wewe hukujua. Tutaita mtu wa kanisa aombee hii pipa, utarudi kwa maranda ya kiwanda, mvua imeisha. Maneno yaishe."

Mukami akakaza uso, lakini akasema, "Akisema hivyo, mimi nitasikia."

Njia ilikuwa imeshatengenezwa. Ilibaki kupita tu. Maneno manne. Moyoni nilimsukuma: sema, mwanamke, sema twende nyumbani.

Watiri akajifuta mikono kwenye leso.

"Si siku moja," akasema. "Ni tangu mvua ianze. Krismasi mlikula. Mukami, wewe ulibeba kumi ukapelekea kwaya, na ukarudi kuniambia hawajawahi kula tamu kama hiyo. Nani amekufa? Kwaya imekufa?"

"Watiri," Bibi Ngendo akasema.

"Wacha, cucu, nimalize. Kihara alinipatia maranda kavu wakati nyinyi mlikuwa mnawasha moto na karatasi ya plastiki. Hakuniuliza kitu. Sasa nimsingizie ati amenidanganya, ndio nikae na nyinyi? Nikae na nyinyi ndio nipate nini?"

"Ndio upate kula," Mukami akasema. "Tasa wewe."

 Watiri alimtazama Mukami, kisha akatutazama mmoja mmoja. Akanifikia mimi. Alikaa na macho yake kwangu muda mrefu. Nilijua anachofikiria, naye alijua ninajua. Kwa neno moja tu, "Mama Shiku aliniona Novemba," ningesimama pale pamoja naye, na chai yangu imemwagwa. 

Hakulisema. Akapitisha macho kwa mwingine.

"Anayetaka atoke, ainue mkono," Mukami akasema.

Mkono wa Mukami ulikuwa juu kabla hajamaliza. Wa muuza kabichi. Wa yule wa nguo za mitumba na wa dada yake. Bibi Ngendo akakaa na mikono yake mapajani. Nikaona wananiangalia. Minne ilitosha, wangu haukuhitajika. Nikauinua.

Watiri hakungoja maneno ya mwenyekiti. Alimwaga moto, akatia nyavu mbili na debe ndani ya gunia, akaliangusha pipa ubavuni na kuanza kulisukuma kwa mguu kwenye lami, kupanda upande wa hospitali. Lilipiga kelele ya kuamsha mji. Makanga wakamfuata kwa vicheko.

"Watiri, unahamia kwa wafu?"

"Huko hakuna komiti!"

Yaliyofuata Kihara mwenyewe alinisimulia baadaye. Aliinua kichwa kutoka kwenye randa akaona pipa mlangoni, na nyuma yake mwanamke.

"Nimekuja kupikia hapa," Watiri akamwambia.

"Hapa? Mama, wateja wangu hawali."

"Wale wamelala hawali. Wale wamekuja kuwachukua wametoka nyumbani saa kumi na moja bila kitu kwa tumbo. Wewe umewahi kuwauliza?"

Kihara hakuwahi kuwauliza. Miaka ishirini alikuwa ameona watu wakisimama kando ya ule ukuta, saa tatu, saa nne, wakingoja karatasi zipigwe muhuri na mlango ufunguliwe, na hakuwahi kufikiri kwamba wana njaa. Akasogeza mbao zake. Watiri akasimamisha pipa.

Mwaka huo nilimsikia tu. Walisema ameharibikiwa. Walisema mtu mwenye akili hawezi kula pale. Mimi nilikaa na chai yangu mstarini, na chai bila kitu cha kuuma ni maji ya moto. Mtu anakunywa kikombe kimoja anaenda. Mukami aliweka mtu mwingine pale penye pipa, muuza karanga, akakaa miezi miwili akaondoka.

Agosti mama mkwe wangu akafariki. Tulifika mochari saa mbili asubuhi, watu wa Tetu kumi na wanne pamoja nami, na lori la kukodi. Tukaambiwa daktari wa kutia sahihi hajafika. Saa tatu. Saa nne. Mume wangu akaegemea ukuta. Dada zake wakakaa kwenye nyasi, mmoja ana kisukari, uso umeanza kubadilika. Hakuna aliyebeba chakula. Nani anabeba chakula akienda kuchukua maiti?

Moshi ukatufikia. Niliujua kabla sijageuka.

Kulikuwa na foleni mbele ya pipa, foleni ya watu wenye nguo nyeusi na wenye macho mekundu, na hakuna aliyeuliza maranda yametoka wapi, kwa sababu msumeno wa Kihara ulikuwa unalia pale pale nyuma yao. Walichukua viazi, wakala wamesimama. Watiri alikuwa amekonda kidogo. Mdomo ulikuwa mzima.

"Songa mbele, baba. Ulie ukiwa umeshiba."

Nilipanga foleni. Niliagiza kumi na vinne. Alinihesabia bila kuniangalia, kwenye karatasi ya gazeti, vikubwa, vizuri, hakunipunja. Akaacha mkono kwenye kifurushi.

"Hapa ni kumi na tatu," nikasema.

"Ni kumi na tatu. Wewe sikuuzii."

"Watiri, niko na matanga."

"Naona. Pole kwa mama. Watu wako nimewapa." Ndipo akainua uso. "Wewe sikuuzii."

"Ni ule mkono? Mbona kila mtu aliinua?"

"Wale hawakujua kitu mpaka Mukami aone lesi. Wewe ulijua Novemba, ukakula, ukainua." Akafunika pipa kwa gunia. "Anayefuata!"

Mwanamke nyuma yangu akanisukuma kwa kiwiko. Nikachukua kifurushi nikakipeleka kwenye nyasi. Wifi zangu walikula hata maganda. Yule mwenye kisukari uso ulimrudi, akalamba vidole, akaniuliza, "Na wewe?" Nikamwambia nimeshakula pale pale mbele. Saa sita kasoro mlango ukafunguliwa, wakatuita, tukambeba mama kwenye lori na kupanda Tetu, nami nimekaa kando ya jeneza na tumbo linanguruma mpaka mume wangu akanitazama.  Ningekuwa mimi mwenye pipa, mimi pia nisingejiuzia.